Aliyechoka Hatembei Nyuma

Aliyechoka hatembei nyuma.

Maneno hayo aliniambia Aikaeli leo asubuhi, pale penye mwinuko wa mizizi, aliponiona nimesimama kando ya njia nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimewaambia ninyi mtangulie, mimi nitakuja nyuma niwatazame mnavyotembea. Ulikuwa uongo. Magoti yalikuwa yamenigomea. Naye Aikaeli, mtoto wa watu, akanishika mkono mbele ya darasa zima akasema, "Babu, pita mbele. Aliyechoka hatembei nyuma." Mkacheka. Mimi sikucheka, na nilimwona Godlisten akimkonyeza mwenzake kwamba babu amekasirika.

Sikukasirika. Nilishangaa kuyasikia maneno hayo kwa mtoto aliyezaliwa juzi. Nilipomuuliza ameyatoa wapi, alisema baba yake huyatumia nyumbani, na baba yake aliyapata kwa watu wa mlimani. Sasa mmeshapiga mahema, ingawa lile la kijani limeinama upande kama limelewa, mvua imetukusanya chini ya turubai, maji ya chai yako motoni, nanyi mnauliza methali hii ilitoka wapi. Nitawaeleza. Mimi ninajua kwa sababu nilikuwapo, na msidhani nasimulia ili nisifiwe.

Ilianza hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, msimamizi wa wapagazi katika msafara wa Mzee Anaeli, kiongozi aliyepanda mlima huu mara nyingi kuliko alivyokwenda sokoni. Huku kwetu mpagazi wa mlimani haitwi mpagazi. Anaitwa mgumu, na jina hilo lina masharti yake. Mgumu haulizi mzigo una nini ndani. Mgumu hasemi kichwa kinamuuma. Neno "nimechoka" lilikuwa neno la wageni. Kama mmoja wetu angelitamka, angelisikia likirudiwa kwa sauti za kuigiza mpaka msafara uishe, na akirudi kijijini angekuta limeshafika kwake kabla yake. Aliyeshindwa tulisema amelainika, kama ndizi iliyosahauliwa darini.

Tulikuwa pia na desturi moja. Asubuhi wageni wakiondoka na kiongozi, sisi wagumu tulibaki nyuma kung'oa mahema na kufunga mizigo. Halafu tukawafuata, tukawapita njiani, tukafika kambi ya mbele kabla yao. Atakayefika wa mwisho kati yetu, huyo ndiye wa kuteka maji ya jikoni. "Wa mwisho, maji," tulisema hivyo tu, na hakuna aliyebisha. Desturi hiyo iliwekwa ili kuwakomesha wavivu na wapiga soga, na kwa wavivu ilifaa kweli. Mimi niliipenda kuliko wenzangu wote, maana tangu niwe msimamizi sikuwa nimeshika dumu hata siku moja.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya siku nane, kuuzunguka mlima upande wa magharibi na kulala kwenye mahema. Wageni walikuwa wawili, mume na mke, watu wazima wenye kwenda taratibu. Tulikuwa na mpishi wetu Sifaeli, na wagumu saba, nami nikiwamo. Mmoja wa hao saba alikuwa kaka yangu Ndewirwa.

Kaka alinizidi miaka kumi na sita. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi, na yeye ndiye aliyeniingiza shule, na shule iliponishinda akanileta mlimani. Alinifundisha kusuka kata ya kichwani kwa majani makavu ya mgomba, kwa sababu kata ya kitambaa hunyonya maji na asubuhi huwa barafu. Sisi vijana tulikuwa tumeziacha zile za majani, tukiona ni za kishamba. Yeye hakuacha. Alivaa kata yake ya majani juu ya kofia nyekundu ya sufu aliyofumiwa na mkewe, shemeji yangu Ndeamsia, na kofia hiyo ungeiona kutoka ng'ambo ya korongo.

Masika ya mwaka ule kifua kilimlaza wiki tano. Alipoinuka, suruali zilimpwaya na alikuwa akipumzika kati ya mlango na zizi. Shemeji alikuja nyumbani kwangu akaniambia, "Shemeji, mwambie mwenzako akae msimu huu. Mimi hanisikii. Wewe ni msimamizi wake, wewe atakusikia."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia. Mgumu akikaa nyumbani msimu mmoja wenzake husema amelainika, na mimi sikutaka neno hilo lisemwe juu ya mtu wa nyumba yetu. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine, na imenichukua miaka mingi kuitamka.

Siku ya kwanza tulipita msituni, njia ya matope kama hii ya leo. Kaka alifika kambini wa mwisho. Akatua mzigo, akachukua dumu, akaenda mtoni. Siku ya pili tulitoka msituni tukaingia kwenye vichaka vya baridi, na akafika wa mwisho tena. Aminirabi, mgumu mmoja mwenye mdomo mrefu, akampokea kwa makofi: "Karibu, Bwana Maji!" Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakimezea kwenye kiganja. Mimi nilicheka pamoja na wengine.

Tulilala hema moja, mimi na yeye, kwa hiyo kifua chake nilikisikia mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Ningeweza kusema, leo maji atateka fulani. Nilikuwa na mamlaka hayo. Lakini niliogopa watasema msimamizi anambeba ndugu yake, na kwa kuogopa hivyo nikawa mkali kwake kuliko kwa wote. Mwingine akichelewa nilimtania. Yeye akichelewa nilimwonyesha dumu kwa kidole.

Kambi ya tatu ilikuwa mahali pakavu. Maji yake yako chini korongoni, nusu saa kushuka na saa nzima kupanda na dumu kichwani. Kaka alifika wa mwisho kwa mara ya tatu. Akashuka, akapanda, na Sifaeli akasema dumu moja halitoshi, kaka akashuka tena. Aliporudi mara ya pili aliketi juu ya jiwe kando ya hema la jikoni, akapewa chai, akaishika mkononi hadi ikapoa. Nilimpita mara mbili pale alipokaa. Sikumwuliza kitu.

Asubuhi ya siku ya nne, wageni walipokwisha kuondoka na Mzee Anaeli, kaka alinijia nikiwa nakunja turubai. Kata yake ilikuwa tayari kichwani.

"Mdogo wangu," akasema, "leo niache nitangulie."

"Utangulie vipi na mahema bado hayajafungwa?"

"Mzigo wangu nimeshaufunga. Nianze mapema kidogo tu, mnikute njiani. Nikiwa mbele yenu nitakwenda."

Mnasikia maneno hayo? Alinipa dawa mkononi mwangu mwenyewe. Nami nilitazama nyuma nikaona Aminirabi ananyoosha shingo kusikiliza, nikapandisha sauti ili na wengine wasikie.

"Kaka, hapa hakuna anayeondoka kabla ya wenzake. Ukitangulia wewe, kesho wote watataka kutangulia. Watasema."

"Waseme."

"Mimi ndiye watakayemsema."

Alinitazama kidogo. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akainama, akashika kona ya turubai, tukalikunja pamoja mpaka likaisha.

Tukaondoka saa tatu. Mimi nilikuwa wa kwanza kama kawaida yangu, mbio, nikitaka kuwahi sehemu nzuri ya kupiga mahema chini ya miamba, pasipopigwa na upepo. Kufika saa nne na nusu ukungu ulikuwa umeshuka. Ulikuwa mzito kiasi cha kuona visigino vya aliye mbele yako na mzigo wake, basi. Niliwapita wageni na Mzee Anaeli nikawasalimia bila kuwaona nyuso. Sikugeuka nyuma. Mtu mwenye kilo ishirini kichwani hageuki hovyo, na hata ningegeuka ningeona ukungu.

Tulifika kambini kabla ya saa nane, tukapiga mahema, tukayawekea mawe pembeni. Sifaeli akawasha jiko akaita, "Maji!" Aminirabi akajibu, "Maji yana mwenyewe, anakuja." Dumu tupu likawekwa njiani kabisa, mahali atakapolikuta bila kutafuta. Tukaingia hemani kujikinga na baridi. Mtu akisema kaka amechelewa, mwingine alijibu kwamba huenda ameamua kutembea pole pole na wageni. Jibu hilo lilitutosha, maana aliyetoka nje angeambiwa atangulie mtoni.

Saa tisa na nusu wageni wakafika. Hapakuwa na chai. Sifaeli akaanza kuomba radhi, akieleza kwamba mteka maji hajafika. Yule mgeni mwanamke alikuwa ameketi juu ya ndoo anavua viatu. Alikuwa na Kiswahili cha kujifunza kitabuni, cha taratibu, kila neno limesimama peke yake.

"Mteka maji ni mzee wa kofia nyekundu?" akauliza.

Sifaeli akasema ndiye.

"Kila siku ananipita, ananiambia, pole mama." Akahesabu kitu kichwani. "Leo hakunipita."

Mzee Anaeli aligeuka. "Nilidhani amepita kwenye ukungu," akasema. "Nilisikia salamu nyingi, nikadhani na yake imo." Halafu akanitazama mimi. "Elingaya. Ndugu yako yuko wapi?"

Swali hilo nilikuwa nimelisikia kanisani tangu utotoni, nanyi mnajua aliyeulizwa mara ya kwanza alikuwa amemuua ndugu yake. Nilitazama lile dumu. Lilikuwa limesimama pale pale njiani, tupu, likimsubiri.

Nikachukua blanketi. Nikamwambia Sifaeli anipe chai kwenye chupa, akafungua mikono akanionyesha jiko kavu. Katika kambi nzima hapakuwa na tone la maji, kwa sababu wagumu sita wenye nguvu walikuwa wamekaa wakimsubiri mgonjwa akawatekee. Yule mgeni akanipa chupa yake, ilikuwa na maji kidogo chini. Nikaondoka mbio, na Aminirabi akanifuata bila kuitwa.

Tulirudi kwenye njia tukiita. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Tulikwenda saa nzima na zaidi, na kila jiwe kubwa nililiona kama mtu ameketi. Ilikuwa kama saa kumi na moja Aminirabi aliponishika bega na kunionyesha kitu chekundu, hatua kumi nje ya njia.

Ilikuwa kofia. Haikuwa kichwani kwake. Alikuwa ameivua akauvika mzigo, juu kabisa, ili ionekane. Mzigo aliusimamisha vizuri, kamba zote zimekazwa, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake akijikinga na upepo, kichwa wazi, midomo imebadilika rangi. Nilidhani amekufa. Kisha akakohoa.

Nikamvika kofia, nikamfunika blanketi, nikamnywesha yale maji.

"Kaka, kofia umeivua kwa nini kwenye baridi hii?"

"Mzigo wangu ni unga na mchele," akasema. Alikuwa akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Nilijua unga mtaukumbuka."

Aminirabi aligeukia upande. Mdomo wake ule wote ulikuwa umekwisha.

"Kwa nini hukuita?" nikamwuliza.

"Niliita. Nilianza kuita tangu mlipokuwa karibu. Mlikuwa mmenipa migongo, mdogo wangu."

Nilimpandisha mgongoni. Aminirabi akabeba unga. Lile neno nililoliogopa siku zote, kwamba nambeba ndugu yangu, nikalitenda kwa mgongo wangu hadi kambini, na hakuna aliyesema kitu. Tulipofika, dumu lilikuwa limejaa. Sikuwahi kuuliza nani alilijaza.

Asubuhi Mzee Anaeli alisikiliza kifua cha kaka, akasema hakuna kungoja, ashushwe. Kutoka pale hadi getini ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye afya. Wageni waliendelea na safari yao na wagumu wengine. Sisi watatu tukarudi tulikotoka.

Nilitaka kumbeba tena, akakataa. Njia ile ya miamba ina mahali pembamba ambapo aliyebebwa humwangusha anayembeba, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Basi nikajipanga mbele kama nilivyozoea. Nikamwambia, "Kaka, kaa nyuma yangu, nikufungulie njia. Aminirabi atakuja nyuma yako."

Hakusogea. Alisimama ameshika fimbo, blanketi mabegani.

"Hapana," akasema. "Niwekeni mbele."

"Mbele utachoka."

"Nimeshachoka." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulisikia neno hilo kutoka kwake, na alilisema taratibu kama mtu anayetua mzigo. "Nimechoka tangu masika. Aliyechoka hatembei nyuma, mdogo wangu. Nyuma nimetoka jana, nimepaona."

Nikampisha.

Sikuwa nimewahi kutembea hivyo. Hatua kumi, anasimama. Hatua nane, anasimama. Miguu yangu iliwasha kwa hamu ya kwenda. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kumtazama, nikamtazama. Nikaona kisigino cha kiatu chake cha kushoto kimelika upande mmoja, kumbe amekuwa akitembea kwa kuchechemea siku zote zile. Nikaona bega linavyopanda kabla ya kikohozi, nikajua kikohozi kinakuja kabla yeye hajajua. Siku nne nilikuwa nimetembea naye njia moja, na mambo hayo sikuyaona hata moja kwa sababu yalikuwa nyuma yangu.

Penye ule ukingo mwembamba, bega likapanda, nikanyoosha mkono hata kabla hajakohoa. Kikohozi kilimkunja, mguu wa kushoto ukateleza, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye blanketi na kwenye kola. Jiwe alilolikanyaga lilishuka peke yake. Tulilisikia kwa muda mrefu likishuka. Tulikaa chini wote watatu. Kama angekuwa nyuma yangu ningesikia mawe mawili yakishuka na nisingejua moja lilikuwa nani.

Hapo ndipo nikakumbuka. Safari yangu ya kwanza mlimani, nikiwa na miaka kumi na saba, mzigo ukinilemea mpaka nalia machozi ya kificho, kaka alinitembeza mbele yake siku sita nzima. Wenzake walimpita wakimcheka. Nilidhani ananiheshimu, au ananijaribu. Sikujua kwamba alikuwa ananitazama. Nikamwambia, pale pale tulipokaa, "Kaka, mimi uliniweka mbele."

"Niliogopa mama angeniuliza uko wapi," akasema.

Tulifika getini siku ya pili alasiri, yeye wa kwanza, sisi nyuma yake. Wale walinzi waliotuona tukitoka msituni kwa mwendo ule walidhani ni mzee anafundisha vijana.

Hospitali walimweka mwezi mzima. Alipona, lakini pafu moja halikurudi, na mlima hakuupanda tena. Alipotolewa nilichuma jani la isale nikalipeleka nyumbani kwake. Mnajua isale haikataliwi. Ukilipokea umesamehe, na ukilikataa umejitia balaa. Nililiweka mbele yake. Shemeji Ndeamsia alikuwa amesimama mlangoni, na yeye ndiye niliyeshindwa kabisa kumtazama. Kaka alilichukua lile jani, akalizungusha vidoleni, akalichomeka kwenye ile kofia nyekundu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Msafara uliofuata, kabla hatujatoka getini, niliwaambia wagumu desturi imegeuka. Wa mwisho akifika apewe kikombe cha kwanza cha chai. Wa kwanza ndiye atakayeteka maji, maana amethibitisha kuwa ana nguvu. Wakaguna. Nikasema asiyetaka ashuke. Na anayeumwa, au aliyelala vibaya, au aliyefiwa, atembee mbele. Wale vijana wapya walikuwa wakijificha mkiani kwa aibu, nasi tulikuwa tukiwaita kwa neno la kaka: wewe, njoo huku, aliyechoka hatembei nyuma. Mimi nilizidi kufika wa kwanza, basi nikateka maji miaka kumi na tisa. Kila nilipoinama mtoni na dumu nilimkumbuka.

Maneno hayo yalibaki kwetu wagumu tu. Kijijini yalifika hivi. Kaka aliishi miaka kumi na mitatu mingine katika kihamba chake, shamba la nyumbani, akipalilia migomba kidogo kidogo, na kifua kikaja kumaliza kazi yake wakati wa mvua za vuli. Siku ya maziko walikuja wagumu wa misafara yote, waliokuwa wakifanya kazi bado na waliostaafu. Kutoka nyumbani hadi kaburini ni hatua mia mbili tu kati ya migomba, lakini palikuwa na utelezi, na vijana waliobeba jeneza wakataka kwenda haraka ili wamalize. Wanawake wazee na shemeji wakawa wanaachwa nyuma.

Aminirabi akapaza sauti. Alikuwa na mvi wakati huo, na mdomo wake ulikuwa umepungua sana. "Simameni," akasema. "Mama wa nyumba apite mbele. Wazee wapite mbele. Aliyechoka hatembei nyuma."

Wakasimama. Shemeji akapitishwa mbele, akaweka mkono juu ya jeneza la mumewe, na hao wawili wakatuongoza. Kijiji kizima, na wale wanaume waliozoea kukimbia mlimani na mizigo vichwani, tulitembea nyuma yao kwa mwendo wa mwanamke mzee aliyelia siku tatu. Hatua mia mbili zilichukua karibu nusu saa. Mchungaji alisubiri kaburini na kitabu chake mvuani. Hakuna aliyempita shemeji. Tangu siku hiyo watu wakaanza kuyasema maneno yale majumbani, shambani, hata kwenye vikao vya harusi, wakimaanisha mzazi aliyezeeka, mtoto mzito wa kujifunza, mjane, mgonjwa. Nadhani baba yake Aikaeli aliyapata humo.

Basi, hayo ndiyo. Chai imechemka, nami nimesema sana kwa mtu aliyepanda mlima leo. Godlisten, wewe ndiye uliyefika wa kwanza, nilikuona ukikimbia. Dumu lile pale, na mto uko chini ya ule mti ulioanguka.

Kesho njia ni ya kupanda hadi adhuhuri. Sitawaambia nimechoka. Nimezeeka na ugumu wangu, na lile neno ambalo kaka alijifunza kulisema, mimi bado linanikwama. Lakini mkiniona nimesimama kando nafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka, mjue ninaita. Aikaeli, nishike mkono kama ulivyonishika leo, unipitishe, na wote mje nyuma yangu mkinitazama.

Aliyechoka hatembei nyuma.